Kuishi na hofu ya mahali pa juu katika jiji linalozidi kujengwa kwenda juu

Mleta mada

Salamu kwenu, wana jukwaa. Nimeamua kuandika kwa urefu kuhusu jambo ambalo watu wengi wa Dar es Salaam wanalo na wachache wanalitaja mbele za watu, nalo ni hofu ya mahali pa juu. Simzungumzii mtu anayeshtuka anapochungulia kisima kisicho na mfuniko, kwa kuwa huyo yuko sawa kabisa. Namzungumzia mtu anayekataa kazi nzuri kwa sababu ofisi iko ghorofa ya kumi na mbili, anayevuka barabara katikati ya magari ili asipande daraja la waenda kwa miguu, anayemtembelea ndugu yake miaka nenda rudi bila kukanyaga roshani ya nyumba hiyo, na ambaye akiulizwa sababu husema anaumwa miguu. Mimi ni mmoja wao. Nina hofu hii tangu ujana, ninafanya kazi ya uhasibu katika jengo refu la katikati ya jiji, na kwa sasa ninapanda na kushuka nikiwa peke yangu. Hofu haijaisha, ila si yenyewe tena inayoamua niende wapi.

Hoja ninayotaka kuileta ni hii: mtu anayeishi na hofu hii hapa kwetu anapaswa kwanza kujifunza kutenganisha mahali pa juu na mahali pa hatari. Si kila mahali pa juu ni pa hatari, na katika jiji letu, kwa bahati mbaya, si kila mahali pa juu ni salama. Wengi wetu tumeshindwa kupona kwa sababu tumechanganya mambo haya mawili, na wanaotuzunguka nao wanayachanganya wanapotulazimisha.

Wazazi wetu waliweza kuishi Dar es Salaam maisha yao yote bila kukutana na tatizo hili. Nyumba za Temeke, Ilala na Magomeni zilikuwa za chini, na aliyeogopa kwenda juu alimwachia mkwezi minazi yake akaendelea na shughuli nyingine. Leo mkoa una watu 5,383,728 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, ardhi ya katikati imekuwa ghali, na makazi, maduka, ofisi na hata barabara vinajengwa kwenda juu. Kariakoo, mahali palipokuwa na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, sasa mtu hufuata mzigo wa jumla ghorofa ya nne kwa ngazi nyembamba. Pale Magomeni Kota, kaya 644 zilizokuwa katika nyumba za chini zimejengewa makazi ya ghorofa. Ubungo tangu mwaka 2021 kuna barabara za juu za Kijazi zenye ngazi tatu, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 huondoka katikati ya jiji ikipita juu ya nguzo. Aliyekuwa akiikwepa hofu yake bila taabu miaka thelathini iliyopita, leo atakutana nayo kabla ya saa nne asubuhi.

Wala hatuko wachache. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya watu wazima waliohojiwa wamewahi kusumbuliwa na mahali pa juu katika maisha yao. Wale ambao hofu yao ni kali kiasi cha kuhesabiwa na madaktari kuwa ni tatizo la afya ya akili ni wachache zaidi, lakini nao wapo katika kila ofisi na kila ukoo.

Naomba nieleze kwa kirefu mambo ya mwili, kwa sababu mtu anayeuelewa mwili wake hupungukiwa na aibu. Binadamu anaposimama wima hatulii. Huyumba kidogo kila wakati, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na ubongo humrekebisha bila yeye kujua kwa kutumia taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Macho hufanya sehemu yake kwa kutumia vitu vilivyo karibu, kwa maana kila mwili unapoyumba, ukuta ulio mbele yako au meza iliyo kando yako huonekana kusogea kidogo sana, na ubongo huupima msogeo huo. Sasa simama kwenye ukingo wa ghorofa ya kumi. Vitu vya karibu vimeondoka mbele ya macho, na vilivyobaki ni barabara iliyo chini kabisa, mapaa ya mabati na bahari kwa mbali. Vitu vilivyo mbali kiasi hicho havionekani kusogea unapoyumba. Macho yanauarifu ubongo kwamba umetulia, ilhali sikio la ndani na nyayo vinauarifu kwamba unayumba. Kwa sababu ya mgongano huo mwili huanza kuyumba zaidi kuliko kawaida, nawe unahisi kama sakafu inainama. Daktari wa mfumo wa fahamu kutoka Ujerumani, Thomas Brandt, na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1980, na mimi nilipolisoma nilifarijika sana, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikiambiwa kwamba kuyumba kule nakuwaza tu.

Kila mtu hupatwa na kuyumba huku kwa kiasi chake. Mwenye hofu hukutafsiri kuwa ni mwanzo wa kuanguka, na papo hapo moyo huenda mbio, viganja hulowa, misuli ya miguu hukakamaa, shingo hukaza, na macho hukodolea mbali bila kugeuka. Kukakamaa huko ndiko kunakomponza, kwa kuwa jicho lisilogeuka haliwezi kuviona vitu vya karibu ambavyo vingeusaidia ubongo kupata tena uwiano wake. Ndiyo maana ushauri ambao kila mtu hupenda kuutoa, kwamba tazama mbali na usiangalie chini, haujakamilika. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na kitu imara kilicho karibu katika eneo la macho, kama nguzo, fremu ya dirisha au ukuta wa pembeni, kukigusa kwa mkono, na kutoyafuata kwa macho mawingu yanayokwenda au magari yanayopita chini. Kukaa au kuegemea ukuta hupunguza kuyumba papo hapo.

Jambo jingine ambalo wenzangu wengi hulihofia ni kuzimia. Kwa kawaida hofu ya mahali pa juu hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, wakati mtu huzimia shinikizo linaposhuka, kama inavyowapata baadhi ya watu wanaoogopa damu na sindano. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine, ile hisia ya kwamba nitaanguka sasa hivi mbele za watu ni nzito kuihisi lakini ni mara chache sana kutimia. Tena macho yenyewe hutuongopea, kwa sababu watafiti wamegundua kwamba mtu akitazama kutoka juu kwenda chini hukadiria kimo kuwa kikubwa kuliko akikitazama kutoka chini, na kadiri hofu yake ilivyo kubwa ndivyo anavyozidisha.

Kuhusu chanzo, wengi hudhani kwamba lazima mtu aliwahi kuanguka. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la meza ya kioo ambamo watoto wa miezi 6 hadi 14 waliitwa na mama zao watambae juu ya upande ulioonekana kuwa na shimo chini yake, na wengi wao walikataa. Tahadhari hiyo, basi, huanza mapema sana. Na huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliofuatilia kundi la watu tangu kuzaliwa walikuta kwamba watoto walioanguka na kuumia vibaya walipokuwa na miaka 5 hadi 9 walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wale wasioogopa kimo walipofika miaka 18. Yaani asiyeogopa ndiye aliyepanda, na aliyepanda ndiye aliyeanguka. Usijichoshe kutafuta siku ambayo hofu yako ilizaliwa, kwa sababu huenda hakuna siku kama hiyo.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Katika vitabu vya nchi zilizoendelea mwandishi huchukulia kwamba roshani ina uzio imara, ngazi zina vyuma vya kushikia na jengo limekaguliwa. Hapa kwetu kuna majengo ambayo watu wamehamia ghorofa ya pili wakati ya tatu inamwagwa zege, ngazi zisizo na kizuizi upande mmoja, na mapaa wanakoanika nguo watoto wakicheza pembeni mwa ukingo unaofika magotini. Baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka tarehe 16 Novemba 2024, na kabla yake lile la mtaa wa Indira Gandhi mwaka 2013, mtu aliyesita kupanda jengo lenye nyufa hakuwa mgonjwa wa chochote. Tahadhari ya namna hiyo iheshimiwe. Mimi kabla ya kuipinga hofu yangu huwa naliuliza jengo: je, kizuizi kinapita kiuno changu na ni imara nikikisukuma? Je, ngazi na sakafu zimekamilika? Je, wazee na wajawazito hupita hapa kila siku bila kuhitaji msaada? Majibu yakiwa mabaya, siendi, na sioni aibu. Yakiwa mazuri, najua kwamba kinachonizuia ni hofu peke yake, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Kazi yenyewe ina adui wawili. Wa kwanza ni kukwepa. Kila unapoikimbia ngazi, moyo hutulia, na utulivu huo huufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, hivyo mara nyingine utakimbia mapema zaidi. Aliyeanza kwa kukwepa ghorofa ya kumi hujikuta baada ya miaka anakwepa ya pili. Adui wa pili ni kulazimishwa. Rafiki anayekuvuta mkono hadi ukingoni huku wengine wanacheka anakuacha na kumbukumbu mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Nimewaona watu wazima wakilia kwa kufanyiwa hivyo, na naomba kwa moyo wote tuache mchezo huo.

Njia iliyo katikati ya hao wawili ni kupanda kidogo kidogo kwa hiari, na kukaa. Neno kukaa nalisisitiza. Daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1915, ndiye aliyeifanya njia ya hatua kwa hatua ikubalike katika tiba, kwa maandishi aliyoyatoa mwaka 1958. Mgonjwa huandika orodha ya mambo anayoyaogopa kuanzia jepesi hadi zito, hujifunza kuulegeza mwili, kisha huyafikiria moja baada ya jingine. Waliomfuata walikuta kwamba kwenda mahali penyewe husaidia zaidi kuliko kupafikiria. Karne mbili kabla yake, mshairi wa Ujerumani Johann Wolfgang von Goethe, akiwa mwanafunzi mjini Strasbourg kuanzia mwaka 1770, alijitibu kwa kupanda mnara wa kanisa kuu la mji huo mara kwa mara hadi hofu ikamwachia. Namsifu kwa kurudia, ila simsifu kwa mahali alipochagua kusimama, kwa maana kwa maelezo yake mwenyewe palikuwa padogo sana na pa kushikia palikuwa haba.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, orodha inaweza kuanza na njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa takriban kilomita moja na haliko juu sana kutoka majini, na ambako asubuhi huwa kuna watu wanaofanya mazoezi. Baadaye aende daraja la waenda kwa miguu la Manzese, asimame katikati, aache watu wampite. Kisha ghorofa ya pili, ya tatu na kuendelea ya jengo analolijua, akisimama kwanza mita mbili kutoka dirishani, halafu moja, halafu aguse kioo. Ajipe alama kutoka 0 hadi 10 kila hatua, na asiondoke hofu ikiwa kileleni. Asubiri mpaka ishuke angalau nusu, kwa sababu huwa inashuka yenyewe kama hukukimbia. Kesho arudie palepale hata kama jana alifaulu. Asipande akiwa amekunywa pombe, maana pombe huharibu uwiano wa mwili, na ubongo hautajifunza kitu.

Karibuni kwa maswali na uzoefu wenu.

Mchangiaji kutoka Magomeni

Ndugu mleta mada, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na tunaishi ghorofa ya juu. Tangu tuhamie sijawahi kuanika nguo roshani, kazi hiyo huifanya baba watoto akirudi. Lakini shida yangu kubwa si mimi. Mtoto wangu wa miaka minne akisogea roshani napiga ukelele mpaka majirani wanatoka, na sasa nimeanza kuona na yeye akishika ukuta anapopita pale. Je, ninamwambukiza? Na nikinyamaza, si ataanguka?

Mleta mada

Dada yangu, umeuliza swali gumu na la haki. Mtoto wa miaka minne kwenye roshani ni hatari ya kweli, kwa hiyo hapo hofu yako inakuambia ukweli na usiipuuze. Hatari hiyo iondolewe kwa vitu, usiiachie sauti yako. Usiweke kiti, ndoo, kreti la soda wala chungu cha maua karibu na uzio, kwa sababu mtoto hupanda juu ya hivyo. Mlango wa roshani uwe na komeo la juu asilolifikia, na kama nafasi kati ya vyuma inapitisha kichwa chake, mwite fundi aongeze nondo au wavu. Hayo yakikamilika, ukelele hauna tena kazi.

Ni kweli kwamba watoto hujifunza hofu kwa kutazama nyuso za wakubwa. Ila wanajifunza na utulivu vilevile. Chukua muda ambao baba yao yupo nyumbani, keti na mtoto mlangoni pa roshani, wewe ukiwa ndani na mgongo ukiwa ukutani, mshike mkono na mzungumze habari za magari mnayoyaona. Utakuwa unafanya zoezi lako na yeye anapata somo lake. Kuhusu nguo, anza kwa kuanika leso moja kwenye kamba iliyo karibu na mlango, kisha siku nyingine uongeze.

Mchangiaji, msimamizi wa ujenzi

Naheshimu uliyoandika, mkuu, lakini kazini hakuna muda wa orodha na alama. Nina vijana wanaopanda mirunda kila siku. Mwezi uliopita saidia fundi mmoja, kijana mwenye nguvu na adabu, alifika usawa wa ghorofa ya tatu na karai la zege akaganda. Akakumbatia mrunda, hapandi wala hashuki. Wenzake wakamwambia ajikaze kiume, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kushikilia. Ilichukua muda mrefu kumtoa. Wenye kazi wanataka nimwondoe. Wewe ungefanyaje?

Mleta mada

Mkuu, nakushukuru kwa kuwa umeuliza kabla ya kumwondoa. Nitajibu kwa sehemu mbili, ya kumshusha na ya ajira yake.

Aliyeganda hasikii hoja, na kelele za watu wengi humwongezea hofu. Wanyamazishe wote. Apande mtu mmoja anayemwamini, afike usawa wake au chini yake kidogo, aseme naye kwa sauti ya chini na kwa jina lake. Karai liondolewe kwanza. Kisha amwelekeze macho kwenye kitu kilicho mbele ya pua yake, ukuta au fundo la kamba, asimwambie atazame mbali wala chini. Amwambie akae kama jukwaa linaruhusu, atoe pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, akunje na kukunjua vidole, kwa sababu misuli iliyokakamaa inahitaji kuanza kusogea mahali padogo. Anaposhuka, uso uelekee kwenye ngazi, mkono mmoja na mguu mmoja kwa zamu, na msaidizi awe chini yake akimwambia mahali pa kukanyaga. Asibebwe na asivutwe.

Kuhusu ajira, nakuomba ujiulize kwanza ile mirunda ilikuwaje. Je, ilikuwa na mbao za kutosha za kukanyagia, kizuizi pembeni, na kijana alikuwa na mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wasimamizi wake. Kama vitu hivyo havikuwepo, huyo kijana pengine ndiye aliyeona sawasawa na wale waliomcheka ndio waliozoea hatari. Kuzoea hatari si ujasiri, na mafundi wengi waliokufa kwa kuanguka walikuwa wamezoea. Na kama jukwaa lilikuwa salama kabisa, basi kijana ana hofu, na kazi ya ujenzi ina nafasi nyingi za chini: kukoroga zege, kusuka nondo, kupokea mzigo, kupiga plasta ndani. Mpe huko. Akitaka mwenyewe kujizoeza, apande ngazi za ndani zilizokamilika akiwa hana mzigo, baada ya kazi. Ukimrudisha juu kwa kumlazimisha, utakuwa umewaweka hatarini yeye na waliomzunguka.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo

Kaka, mimi naandika kwa woga kidogo. Hofu yangu ni tofauti. Nikisimama juu, kwa mfano kwenye hosteli yetu, nasikia kama kitu kinanisukuma niruke. Sitaki kufa. Nina furaha na maisha yangu na mitihani yangu inaenda vizuri. Nilimwambia mama akasema ni jini, nikapelekwa kuombewa. Hali ile bado inanijia. Je, nina wazimu?

Mleta mada

Mdogo wangu, huna wazimu, na nimefurahi kwamba umelisema, kwa sababu hili ndilo jambo linalofichwa kuliko yote katika mada hii. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, wakiongozwa na Jennifer Hames, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi kama wewe, na wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya wale ambao hawakuwahi kabisa kufikiria kujiua waliwahi kuisikia hamu hiyo ya ghafla wakiwa juu. Maelezo waliyoyapendekeza ni haya: mwili hutoa ishara ya haraka ya kujiokoa, nawe unarudi nyuma kabla hujafikiri. Sekunde chache baadaye akili inajiuliza kwa nini nimerudi nyuma wakati hakuna aliyenisukuma, na inajijibu kimakosa kwamba lazima nilitaka kuruka. Kwa maelezo hayo, ulichokisikia ni mwili wako ukiulinda uhai.

Simzuii mama kukuombea, kwa kuwa dua ya mzazi ni jambo jema na amefanya alilolijua kwa upendo. Ila usikubali kubeba imani kwamba ndani yako kuna kiumbe kinachotaka kukuua, maana imani hiyo yenyewe itakuogopesha kila utakapopanda ngazi. Fikra hiyo ikija, itambue kwa utulivu, gusa ukuta, iache ipite, na usikimbie. Hata hivyo naweka mpaka ulio wazi kwako na kwa kila anayesoma: kama fikra za kutaka kufa zinakujia hata ukiwa chini, ukiwa kitandani au darasani, au unatamani kweli kutokuwepo, hilo ni jambo jingine kabisa. Usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu mzima unayemwamini na uende hospitali.

Mchangiaji kutoka Kigamboni

Mimi nina gari, lakini kwenda mjini napanga foleni ya pantoni hata saa nzima kuliko kupita Daraja la Nyerere. Nikifika katikati ya daraja mikono inalowa kwenye usukani. Kuna vidonge vya kutuliza ambavyo jirani hunipa, navimeza nikiwa sina budi kupita. Je, hospitali wanatibu hili, au wataniona napoteza muda wao?

Mleta mada

Kaka, la vidonge nalijibu kwanza. Dawa za kutuliza zinazotolewa na jirani zina hatari tatu: hupunguza wepesi wa dereva barabarani, baadhi yake huleta utegemezi, na ubongo ukiwa umetulizwa kwa dawa haujifunzi kwamba daraja ni salama, bali hujifunza kwamba kidonge ndicho salama. Tafadhali usiendeshe ukiwa umevimeza.

Hospitali wanatibu, na hutaonekana unapoteza muda wa mtu. Kipimo wanachotumia wataalamu ni hofu iliyodumu kwa miezi sita au zaidi na inayokuvurugia kazi, safari au familia, na wewe umeshafika hapo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali nyingine kubwa zina wataalamu wa saikolojia. Anza na daktari wa karibu akuandikie rufaa, umweleze pia kama kizunguzungu hukupata hata ukiwa chini, kwa sababu hicho kinaweza kuwa tatizo la sikio linalohitaji tiba yake. Ukipewa nafasi ya kuchagua, ulizia tiba ya kukabiliana na hofu hatua kwa hatua. Nchi nyingine sasa hutumia hata miwani ya kompyuta inayomwonyesha mgonjwa ghorofa ambazo hazipo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Oxford la mwaka 2018 lililohusisha watu 100 lilionyesha hofu ikipungua kwa karibu theluthi mbili kwa wastani miongoni mwa waliotumia programu hiyo. Lakini wewe una daraja lenyewe, lenye mita 680, na kanuni ni ileile.

Ningekushauri uanze kwa kupita ukiwa abiria, mtu unayemwamini akiendesha, siku ya Jumapili asubuhi ambapo magari ni machache. Macho yako yatazame dashibodi, kioo cha mbele na gari lililo mbele yenu, usiyaelekeze majini. Rudini hapohapo, mpite tena, na tena, mpaka alama yako ishuke. Wiki nyingine mpite kwa miguu kwenye njia ya pembeni, ukigusa kizuizi kwa mkono. Ukishika usukani, yeye akae kando yako kwa mara za mwanzo, kisha akufuate kwa gari jingine, kisha akusubiri upande wa Kurasini. Ikitokea siku moja hofu imepanda sana ukiwa darajani, usisimame na usiongeze kasi. Endelea na mwendo uleule, hesabu nguzo za taa zinazokuja mbele yako, na ukishavuka paki mahali salama upumzike kabla ya kuendelea na safari.